Mama kaandikiwa “nebula” kwenye kadi ya macho. Si ndiyo ile ya nyota?

FundiSaa_Mbuyuni (Moshi), 3 Januari

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Swali langu ni la neno moja tu, lakini limenila sikukuu nzima.

Mimi ni fundi saa. Nina meza yangu karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Krismasi, kama ilivyo kawaida yetu, tulipanda nyumbani Uru kwa mama. Ana miaka 71. Mwaka 2009 alikuwa anapogoa kahawa kihambani, tawi likamponyoka mkononi, likarudi kwa nguvu na kumpiga jicho la kulia. Jicho lilivimba, likawa jekundu kama pilipili, akatibiwa, likapona baada ya wiki nyingi. Alama ikabaki. Siku hizi ana lalamiko moja: “Naona ukungu.” Hasa asubuhi akilielekea jua, na usiku akikutana na gari barabarani, taa zinamtawanyikia uso mzima.

Mwanzoni mwa Desemba dada yangu alimpeleka kliniki ya macho. Daktari kijana, mpole, ila foleni ilikuwa mpaka nje na ndani ya dakika tano kashamaliza. Akaandika kadi, akasema arudi baada ya miezi sita. Basi kadi ikafika mezani siku ya Krismasi, ikapita mkono kwa mkono pamoja na mtori. Mwandiko wa madaktari mnaujua. Tulichoweza kukisoma ni jicho la kulia, konea, halafu hilo neno: nebula.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Akasema palepale, “Baba, nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani, ndimo nyota zinamozaliwa.” Kimya. Mama akaweka kijiko chini: “Basi nimekuwa Sara. Nitazaa uzeeni, tena nyota.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka sana. Halafu jirani naye akaongeza chumvi: mwanawe ana pumu, na akibanwa huwa anawekwa nebulaiza hospitali, kwa hiyo labda mama amepangiwa ile mashine. Tangu siku hiyo mama anauliza ni lini ataenda kuvukizwa jicho.

Nikaamua kumwangalia mwenyewe kwa lenzi yangu ya kazi, ile ya kubana jichoni. Upande wa chini, pakiingia kidogo mbele ya mboni, kuna kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha saa. Si cheupe. Ukisogeza tochi kipo, ukiisogeza tena hakipo. Na kwa nyuma yake zile nyuzi za rangi ya jicho nilikuwa naziona moja moja bila taabu.

Sasa waungwana: daktari kakosea neno, au kuna nebula mbili? Na kama ni mbili, nani alimwibia mwenzake?

---

Kijana_wa_Pasua, 3 Januari

Mangi, bimkubwa akijifungua tu wapigie NASA waje na zawadi 😂 Natania, mpe pole yake. Nafuatilia uzi.

---

MzeeWaMatone (afisa tabibu wa macho, mstaafu), 4 Januari

Fundi, kwanza mtulize mama. Nebula si kansa, si mtoto wa jicho, na haina uhusiano wowote na kuvukizwa. Daktari hakukosea. Neno hilo liko kwenye vitabu vyetu na nimeliandika mimi mwenyewe mara zisizo na hesabu.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho. Wewe ni mtu wa saa, utanielewa upesi. Katikati unene wake ni karibu nusu milimita. Haina mishipa ya damu, na inapitisha nuru kwa sababu nyuzi zake zimepangwa kwa utaratibu wa ajabu, safu juu ya safu, kama mistari ya kitambaa kilichofumwa vizuri. Kikikwaruzwa kile kingozi cha juu kabisa, kinajiziba ndani ya siku chache na huoni kitu. Jeraha likichimba chini ya hapo ndipo shida inapoanza: mwili unaziba kwa nyuzi mpya, lakini mpangilio ule wa mwanzo haurudi. Hilo ndilo kovu. Nuru ikifika hapo inatawanyika ovyo.

Kovu hilo tunalipa jina kulingana na uzito wake. Likiwa jembamba kiasi kwamba unaona vizuri kilichoko nyuma yake, ni nebula. Likiwa zito zaidi, ile rangi ya jicho inaonekana kwa tabu, ni makula. Likiwa jeupe kabisa, huoni kitu nyuma yake, ni leukoma. Ulichokieleza wewe, kwamba nyuzi za nyuma ulikuwa unaziona moja moja, ndicho hasa tulichofundishwa kukitafuta. Ungekuja kwangu zamani ningekupa koti jeupe.

Lakini watu wengi, na hata wahudumu wengine, wakisikia “jembamba” wanadhani ni jambo dogo. Si lazima. Kovu zito jeupe lililokaa pembeni, mbali na mboni, mwenye jicho anaweza kuishi nalo na kusoma gazeti. Kovu jembamba lililokaa mbele ya mboni linaweza kumsumbua zaidi. Lile zito linaizuia nuru, basi. Hili jembamba linaipitisha kisha linaivuruga. Ndiyo maana mama anateseka na jua la asubuhi na taa za magari, lakini ukimwangalia usoni unasema mbona jicho zima.

Matibabu: hakuna tone la kulifuta kovu la miaka yote hiyo. Miwani inaweza kusaidia kiasi. Ikiwa uso wa konea umekuwa na mabonde, lenzi ngumu ya kuvaa jichoni husaidia zaidi. Makovu mazito hufanyiwa upandikizaji wa konea. Hiyo si kazi mpya: Eduard Zirm aliufanya ukafanikiwa Desemba 1905, huko Moravia, kwa kibarua wa shamba aliyeunguzwa macho na chokaa. Kwa nebula kama ya mama mara nyingi hatufiki huko.

Na nawaomba sana wanaosoma: jicho likipigwa na tawi, jani la mgomba au bua la mahindi, usitie maziwa, usitie maji ya majani, usitie matone aliyobakiza jirani. Majeraha ya mimea huweza kuleta fangasi, na matone yenye steroidi yakikutana na fangasi jicho linaharibika. Na mama yako jicho likiwa jekundu, likiuma au likipungua kuona ghafla, miezi sita isingojwe. Aende siku hiyohiyo.

Habari za nyota nawaachia wenyewe.

---

FundiSaa_Mbuyuni, 4 Januari

Shikamoo dokta, na ahsante sana. Hilo la nuru kupita kisha kuvurugwa limeniingia. Kuna wateja wananiletea saa imeingia mvuke ndani ya kioo. Ukiwa kivulini unasoma saa vizuri. Toka juani, mishale huioni.

Ila sasa umenifungulia jambo jingine. Nimepiga simu Uru, dada kafukua kadi ya 2009 kutoka kwenye Biblia (kadi zote za mama, risiti za ushirika na picha za marehemu zinakaa kwenye Biblia). Kaniandikia herufi moja moja. Kadi ile ya zamani imeandikwa “macula”. Ndiyo hiyo makula yako? Kwa maana hiyo kovu limepungua, kutoka makula mpaka nebula? Nimwambie mama afurahi?

---

MzeeWaMatone, 4 Januari

Marahaba. Furaha ya kiasi. Makovu huweza kufifia kidogo miaka inavyokwenda, kwa watoto zaidi kuliko kwa watu wazima. Lakini pia mpaka kati ya makula na nebula tunauweka kwa macho yetu, na daktari wa 2009 si daktari wa juzi. Huyu anaweza kuita makula kile ambacho mwenzake angekiita nebula. Kinachohesabika ni namba za kusoma herufi ukutani. Zitazame kwenye kadi zote mbili uzilinganishe.

Angalizo moja: hiyo makula ni ya konea. Kuna makula nyingine nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, ndiyo sehemu tunayotumia kusomea na kutambua nyuso. Mtu akiingia intaneti na neno hilo peke yake, anakutana na habari za wazee wanaopoteza uoni wa katikati, na usiku halali. Msifanye hivyo.

---

Kilatini_cha_Kibosho, 5 Januari

Nimeona mada imekuja uwanjani kwangu. Nilisoma seminari miaka saba, upadre ukanishinda, ualimu wa Kiswahili ukaniokota. Kilatini hakijawahi kunilipa hata shilingi, kwa hiyo nikikipatia kazi kama hivi huwa sikiachii.

Fundi, umeuliza nani alimwibia nani. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Nebula kwa Kilatini si nyota na si jicho. Ni ukungu. Ule unaojaa mabondeni alfajiri, ule unaoifunika Kibo ikawa kama haikuwahi kuwepo. Kigiriki wana ndugu yake, nephele, wingu. Wajerumani wanasema Nebel, na wale waliotawala hapa Moshi bila shaka walilitamka sana mwezi Julai wakiutafuta mlima. Madaktari na wanajimu wa zamani walisoma Kilatini kilekile, kila mmoja akakutana na kitu asichokiona sawasawa, akachota neno kutoka kwenye hali ya hewa.

Na yule jirani yenu hakupotea sana. Nebulaiza ni kifanya-ukungu: dawa ya maji inapasuliwa kuwa ukungu ili mgonjwa aivute. Ni mjukuu wa neno lilelile. Kosa lake ni kudhani wajukuu wote wanakaa nyumba moja.

Sasa macula. Hilo ni doa. Nalo lina miguu miwili hivyohivyo, jichoni na angani. Mwaka 1612 Mjesuiti mmoja Mjerumani, Padre Christoph Scheiner, alikuwa anagombana na Galileo juu ya madoa ya jua, nao kwa Kilatini waliyaita maculae. Scheiner mwanzoni alitaka yawe vijisayari vinavyopita mbele ya jua, maana hakupenda jua lenyewe liwe na doa. Galileo akashikilia kwamba madoa yako kwenye jua lenyewe au yameligusa, naye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Ila msimdharau padre: mwaka 1619 alitoa kitabu kizima kuhusu jicho, akieleza kwamba picha ya tunachokitazama inatua kwenye retina. Mtu mmoja, madoa ya jua mkono huu, jicho mkono huu. Wapimaji wa macho mpaka leo wana jaribio lenye jina lake.

Na Wakatoliki wenzangu wa Kilimanjaro, neno hili mnalitamka kila siku bila kujua. Weka *im-* ya kukanusha mbele ya macula unapata Imakulata, asiye na doa, sikukuu ya tarehe 8 Desemba. Kwa hiyo Padre Scheiner, kwa lugha yetu, alitaka jua libaki Imakulata.

Halafu tazameni jambo hili. Mama alimwambia daktari “naona ukungu”. Daktari akaandika ukungu, kwa Kilatini. Neno la mama ndilo lililorudi nyumbani limevaa suti, familia nzima ikashindwa kumtambua mtu wao.

---

MzeeWaMatone, 5 Januari

Mwalimu, umelipamba vizuri lakini hapo mwisho nakukatalia. Mgonjwa wa mtoto wa jicho naye anasema “naona ukungu”, wa presha ya jicho naye anasema hivyo, hata aliyevaa miwani chafu. Wote hao hatuwaandikii nebula. Nebula ni ukungu ninaouona MIMI nikimwangalia yeye. Ukungu anaouona yeye ni habari nyingine, nao naandika kwenye mstari wa malalamiko, juu kabisa ya kadi. Kwa mama huyu yamegongana tu.

---

Kilatini_cha_Kibosho, 5 Januari

Nimenyooshwa. Nakubali dokta. Ila ile ya suti nitaitumia darasani.

---

FundiSaa_Mbuyuni, 5 Januari

Mwalimu, hamtaamini. Jina la ubatizo la mama yangu ni Imakulata.

Nimempigia nikamsomea yote, doa, jua na padre. Amenyamaza kidogo halafu akasema, “Padri alinipa jina kabla hajaliona tawi la kahawa.”

---

Fizikia_Sakina (Arusha), 6 Januari

Mimi nafundisha fizikia, na kila mwaka lazima nirekebishe sentensi ya binti yako, Fundi, kwa hiyo naomba nafasi. Yuko sahihi nusu.

Wazee wa zamani hawakujua gesi wala vumbi. Kila kitu angani ambacho hakikuwa nukta safi, kilichoonekana kama kimepakwa kwa kidole, walikiita nebula. Mfaransa Charles Messier alikuwa anawinda nyota zenye mkia, na vitu hivi vya ukungu vilikuwa vinampotezea usiku wake, maana kwa mbali vinafanana nazo. Akaanza kuviorodhesha ili asidanganyike tena. Orodha ya kwanza ilitoka 1774, na leo inahesabiwa kuwa na vitu 110. Ndani yake kila aina ya samaki wamo: makundi ya nyota, mawingu ya gesi, na galaksi nzima nzima. Wote walikuwa “nebula”, sawa na mgonjwa yeyote mwenye kikohozi kuandikiwa “kifua”.

Ilichukua muda kuwatenganisha. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliichambua nuru ya nebula moja, akakuta mistari michache tu yenye mng'ao, dalili ya gesi na si nyota nyingi zilizosongamana. Na nebula hiyo (dokta, kaa vizuri) inaitwa Jicho la Paka. Iko nyingine watu wanaiita Jicho la Mungu, kwa sababu kwenye picha inatazama kama mboni kubwa yenye kope nyekundu. Kwa hiyo ninyi mna nebula jichoni, sisi tuna macho kwenye nebula.

Kisha Andromeda. Miaka na miaka iliitwa Nebula ya Andromeda. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata ndani yake nyota ya aina inayosaidia kupima umbali, akagundua kitu kile kiko mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota. Galaksi nyingine. Ikavuliwa jina la nebula, ikahamia darasa la juu.

Ndiyo maana nasema binti yuko sahihi nusu. Nebula nyingine ni wodi ya wazazi kweli. Nyingine ni mochwari: Jicho la Paka ni gesi iliyovuliwa na nyota inayokufa. William Herschel alizipa nebula za namna hiyo jina la “za sayari” kwa sababu kwenye darubini yake zilikuwa viduara kama sayari. Hazina uhusiano wowote na sayari na jina halijafutwa mpaka leo, zaidi ya miaka mia mbili.

Kuna za aina ya tatu ambazo ndizo zinazofanana na kadi ya mama: nebula za giza. Haziwaki. Unazijua kwa sababu zinakuzuia kuona kilichoko nyuma. Karibu na Msalaba wa Kusini kuna moja inaitwa Mfuko wa Makaa, doa jeusi katikati ya njia nyeupe ya nyota. Mwezi wa tano ukipata usiku bila mvua, iangalie. Kwa vipimo vya dokta hiyo ingekuwa leukoma, ila nyeusi.

Lakini ya kumwonyesha mama ipo sasa hivi, na hamhitaji kwenda popote. Zile nyota tatu zilizopangana za Orion, mshipi wake. Saa mbili na nusu usiku ziko mashariki, zimeshapanda juu. Mkiwa mmeelekea mashariki, kulia kwa mshipi kuna vinyota vimejipanga, huo ndio upanga. Cha katikati kitazameni vizuri: hakikai kuwa nukta. Hicho ni Nebula ya Orion, kama miaka ya nuru 1,300 kutoka hapa, na nyota zinazaliwa humo kweli. Katikati ya mwezi huu, kama saa nne na nusu usiku, inapita karibu kabisa na utosi wenu hapo Moshi. Huko Ulaya wanaitafuta chini chini kusini kwenye baridi. Sisi tunalala chali.

---

Mtanga_wa_Ngarenaro, 6 Januari

Mabibi na mabwana, mmezunguka Roma na Ujerumani mkasahau nyumbani. Kwetu Tanga wazee wana neno la alama nyeupe ya jichoni: chamba. “Fulani ana chamba cha jicho.” Sijui mbona vijana wa hospitali hawalitumii, wakati kila bibi angeelewa.

Na kama mnatafuta neno linalokaa mbinguni na hospitalini kwa pamoja, Kiswahili kinalo, halikuletwa na Kilatini. Saratani. Kwa Kiarabu ni kaa. Wajuzi wa falaki wa pwani wanahesabu buruji zao, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, na neno hilohilo ndilo daktari anamwambia mtu kwa sauti ya chini. Kilatini nao, *cancer*, ni kaa vilevile. Wagiriki walitangulia kuuita ugonjwa huo kwa jina la kaa, wengine wakafuata.

---

Fizikia_Sakina, 6 Januari

Mtanga, hapo umeniongezea somo la wiki ijayo. Na nikuchanganye zaidi: iko Nebula ya Kaa. Ni mabaki ya nyota iliyolipuka, Wachina wakauona mlipuko mwaka 1054. Ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya Messier. Nayo haiko kwenye buruji ya Saratani, iko kwenye Thauri.

---

Mtanga_wa_Ngarenaro, 6 Januari

Kaa yuko kwenye zizi la ng'ombe. Sawa.

---

FundiSaa_Mbuyuni, 18 Januari

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa, kazi zilikuwa nyingi na umeme tabu.

Jumamosi nilipanda tena Uru. Mpwa wangu anapeleka wageni mlimani, ana darubini ya mikono miwili, nikaiazima. Tukangoja ukungu wa jioni uondoke (ndiyo, huo huo). Kama saa mbili na nusu anga likafunguka. Nikamtolea mama kiti uani, shuka mabegani, binti yangu akamwelekeza: bibi, zile tatu, sasa njoo kulia.

Nikamwambia afumbe la kulia kwanza. Akatazama muda mrefu, mikono yake inatetemeka kidogo, nikamshikia viwiko. Akasema, “Naona mtu amemwaga unga.” Binti akaruka, “Ndiyo yenyewe, bibi!” Nami nikatazama. Unga kweli, tena ule uliosagwa laini, na vinyota vinne vitano vimechomekwa ndani.

Akabadilisha bila kuambiwa. Akafumba la kushoto, akatazama kwa hili la tawi. Akaizungusha darubini polepole, huku, huku, juu, akaishusha. “Huku zote ni nebula.” Akasema kuna baridi, akaingia ndani kumalizia maharage.

Dokta, namba za herufi nimezilinganisha kama ulivyoagiza. Jicho la kulia lilikuwa 6/36 mwaka 2009, sasa ni 6/18. Naona ni afadhali, au sijui kusoma? Ila la kushoto, ambalo lilikuwa zima, kadi ya sasa inasema 6/12 na zamani lilikuwa 6/6. Hilo ndilo limenikosesha usingizi na si nebula tena. Tumeomba apangiwe mapema, tumepata mwezi wa pili. Nitampeleka mwenyewe na kadi zote mbili.

---

MzeeWaMatone, 18 Januari

Umesoma sawa, la kulia ni afadhali. Kuhusu la kushoto umefanya jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa humu. Kwa umri wake laweza kuwa mtoto wa jicho anaanza, laweza kuwa miwani tu. Waambie wampime na presha ya jicho, na wamtazame mpaka nyuma. Usiondoke kabla hujauliza maneno yote yaliyoandikwa. Wewe uliza tu, neno moja moja, hata kama foleni iko nje.

---

Mtanga_wa_Ngarenaro, 19 Januari

Mpe mama salamu zetu. Fundi, na mimi nina Seiko ya marehemu baba, imeingia ukungu ndani ya kioo tangu mvua za Novemba. Nimeiweka kwenye mchele wiki mbili, haitoki. Hiyo nebula unaitibu?

---

FundiSaa_Mbuyuni, 19 Januari

Itoe kwenye mchele leo hii, vumbi la mchele linaingia kwenye mashine. Usiizungushe ufunguo. Nitumie kwa basi la asubuhi, andika jina juu ya bahasha, nitaifungua niione kwanza. Kama maji hayajafika kwenye kamani ni kubadilisha mpira wa kioo tu.